Saquina binti Saide, Aliyeona Ndani ya Chokaa Yetu

Saquina alizaliwa Palma tarehe 9 Machi 1978, mtoto wa pili wa marehemu mdogo wangu Saide na mkewe Zaida. Mwaka 1986 vita viliwavusha mto Ruvuma pale Namoto, akaanza shule Mtwara. Aliporudi alijifunza Kireno huku akichekwa na wenzake, akamaliza sekondari Pemba yetu ya bara, si ile ya kisiwani, na mwaka 2003 akahitimu kemia Maputo. Mimi herufi nilijifundisha mwenyewe. Diploma ile niliisoma neno kwa neno.

Kazi yake ilikuwa ya maabara. Alisaga jiwe likawa unga, akalipiga miale ya eksirei. Miale ikigonga atomu hutawanyika kwa pembe mbalimbali, na kwa pembe hizo alijua atomu zimejipangaje.

Mwaka 2004 aliolewa na Mwalimu Chamsudine wa Mocímboa da Praia, mume aliyempikia alipochelewa kazini bila kuona haya. Wakajaliwa Alima na Ibraimo.

Gesi ilipogunduliwa, alirudi Palma kupima mawe yaliyochimbwa chini ya bahari. Palma ilikuwa imeshikwa na haraka ambayo haijaiacha hadi leo. Kaka yake Rafique, fundi mwashi, alipiga plasta mpya ukuta wa msikiti wetu; ikabanduka. Akasema ukuta wenyewe umeoza, uvunjwe, zije bloko za saruji. Wazee tukakataa. Saquina akachukua kipande cha ukuta na kipande cha plasta, akaenda navyo maabara.

Aliporudi, Rafique alimsihi nikisikia: "Mdogo wangu, usiniaibishe. Sema chokaa ya zamani imechoka."

Akajibu mbele ya wote: "Kaka, miale haijui kama sisi ni ndugu. Chokaa ya babu imegeuka jiwe tena. Plasta yako imejaa chumvi."

Wazee wetu waliyaacha matumbawe yanyeshewe masika mazima, chumvi ya bahari itoke, kabla ya kuyachoma kuwa chokaa. Rafique aliyatoa baharini Jumatatu, Alhamisi yakawa tanurini. Nani siku hizi anasubiri mvua?

Ukuta ukabaki. Rafique akamnunia mwaka mzima, naye kila Ijumaa akawatuma watoto wamwamkie mjomba wao. Masika yaliyofuata tuliona rundo la matumbawe uani kwa Rafique, likinyeshewa.

Saquina aliugua tangu Novemba 2013. Wanaonong'ona kwamba miale imemuua wanyamaze. Daktari alisema ni homa ya ini. Alifariki Pemba alfajiri ya Jumapili, 6 Aprili 2014.

Ameacha mama yake, mume, watoto wawili, mimi baba yake mkubwa, na kaka yake Rafique, aliyekataa kupokewa jeneza njia nzima na ndiye aliyeingia kaburini kumlaza.

Mola ampe pumziko la mtu aliyesema kweli kwa aliowapenda.