Utepe wa Gari la Buluu

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba mtege sikio, tumsindikize kwa maneno machache mzee wetu, fundi bodi, ambaye wengi wenu mlimwita Kipimo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mpiga chapa, akasoma shule ya msingi tangu 1958 hadi 1965, mwaka ambao mjomba wake aliyekuwa baharia alimletea boksi la kigari cha plastiki cha kuunganisha, cha kwanza kati ya vingi, na tangu hapo ukimtafuta umfuate kwenye harufu ya gundi.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika gereji nyuma ya stesheni, na kila lilipoingia gari ambalo mfano wake anao, alikipandisha kigari juu ya boneti, akalizunguka na rula ya chuma akinung'unika kwamba wenye kiwanda cha vigari wamenenepesha taa au wamebana paa, kisha jioni akakipiga msasa na kukipaka rangi hadi kifanane na gari lenyewe, na mteja aliyelalamika kucheleweshwa aliambiwa atulie, gari linapimwa.

Agosti 1976 mkunga mmoja alileta gari la buluu la marehemu baba yake, lililong'oka utepe wa kromu ubavuni, na kwa kuwa hakuwahi kuliona jingine kama hilo, Kipimo aliufunga kwa kufuata kigari chake cha aina hiyo, chini kabisa ya milango, na hapo plastiki ikamponza. Mkunga alimjia juu mbele ya mafundi wote, akasema baba yake hakuwahi kuendesha gari lililofunga mkanda magotini. Kipimo alinywea, akaupandisha utepe, akalirudisha gari mwenyewe, halafu akawa haishi kupita nyumbani kwa mkunga kuulizia kama umeshika, mpaka mama wa mkunga akachoka, akamtaka aseme shida yake.

Yeye na mkunga walifunga ndoa tarehe 14 Mei 1977, wakaenda na gari hilo hilo, wakajaliwa binti na mwana. Vigari vyote alivisahihisha, ila hicho cha buluu hakukigusa, hata baada ya mkewe kututoka mwaka 2011.

Mwaka 2021 alipata kiharusi, kumbukumbu zikaanza kumtoka. Alipolazwa mwezi uliopita, binti yake, akitaka kumfurahisha, aliubandua utepe wa kigari, akaubandika juu panapostahili, akampelekea wodini. Mzee alikitazama, machozi yakamlenga, akauliza nani kamhamisha mama yao. Binti alirudi mbio kufuata gundi, wakaushusha pamoja, mkono wa mzee ukiwa juu ya wa bintiye, na asubuhi ya tarehe 22 Juni 2023 alituaga kigari kikiwa karibu na mto wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia harufu ya gundi wodini, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake wa gereji. Kigari kipo hapa mezani, na mtakaopita kuaga mtauona utepe uko chini, tafadhali msiuguse.

Pumzika, Kipimo, mkanda bado uko magotini.