Upele wa Mawe na Ukucha Wetu Mmoja

Bi Saturia Tibaduiza anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2019, baada ya kukitumikia Kituo cha Utafiti cha Nyanda za Juu, Tobacía, kwa miaka thelathini na tatu na miezi mitano. Hadi ninapoandika haya nafasi yake haijatangazwa. Makao makuu Bogotá yamejibu kwamba suala linaangaliwa. Sisi wa siku nyingi tumeshaangaliwa sana.

Mimi ni karani wa kituo. Nimekwisha kuwaaga wastaafu kumi na mmoja katika jarida hili, wote kwa maneno yaleyale: mchapakazi, mnyenyekevu, mwenye kujituma. Bi Saturia alikuwa akinirudishia nakala huku amelipigia mstari neno "mnyenyekevu". Leo nimelikwepa, na isitoshe kwake si kweli.

Alikuja Januari 1986, binti wa mkulima wa viazi wa hapahapa, akiwa na cheti cha ualimu na viatu vya kuazima. Akapewa kabati ambalo hakuna aliyelitaka, la likeni. Hizo ni zile alama za kijivu, manjano na kijani zinazoshika mawe na magogo, ambazo wengi hudhani ni uchafu. Si uchafu. Ni kuvu na mwani walioamua kukaa nyumba moja, na ndoa yao imedumu kuliko nyingi tunazozijua hapa kituoni. Wakulima wetu huziita upele wa mawe.

Wahenga walisema Mungu humpa upele asiye na kucha. Sidhani kama waliwahi kufika Tobacía, lakini neno lao limetufika. Hapa hakuna jiwe lisilo na upele wala mti usio na ndevu. Wageni huja na lenzi zao, hupiga magoti wiki mbili, hushangaa, kisha huenda kuandika kwamba wilaya yetu ina fursa kubwa za kuchunguza likeni, kuzihesabu na kuzihifadhi. Fursa tunazo tangu mlima uumbwe. Tulichokosa ni kucha. Kwa miaka thelathini na tatu tulikuwa na ukucha mmoja, nao Ijumaa unakwenda nyumbani.

Ameacha bahasha 6,214, kila moja na likeni yake, jina lake na mahali ilipookotwa. Karatasi hatukuwahi kupewa za kutosha, kwa hiyo bahasha alizikunja kwa mitihani ya zamani ya sekondari. Atakayefungua kabati lile atakuta pia jinsi vizazi vitatu vya Tobacía vilivyofeli hesabu. Jina la mpwa wangu limo humo mara nne.

Siku moja alipanda basi la Sogamoso na bahasha sitini kapuni. Mama mmoja, akidhani ni muuza dawa, akamwomba ile ya baridi yabisi. Bi Saturia akamweleza kuvu ni nini na mwani ni nini mpaka stendi, na yule mama akasikiliza kwa makini sana, kisha akauliza kama ya figo anayo.

Wafumaji wa ruana, yale majoho yetu ya sufu, waliokuwa wakikwangua ndevu za miti kutia rangi sufu zao, aliwashawishi waokote zile tu zilizoangushwa na upepo. Ilimchukua miaka sita na vikombe vingi vya maji ya sukari guru. Mwaka 1998 orodha yake ya aina 312 ndiyo iliyofanya chemchemi ya juu iwekwe kuwa hifadhi ya mji. Mtakaofungua bomba kesho asubuhi mkumbuke hilo.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa ya rula. Kila tarehe 2 Februari, baada ya misa ya mishumaa, alipanda barabara ya juu na kupima likeni kwenye mawe arobaini aliyoyachagua. Likeni zetu huongezeka nusu milimita kwa mwaka, mvua ikiwa njema. Hazina mizizi, chakula chake ni hewa na ukungu. Zikianza kudumaa, maana yake ukungu unatukimbia, na ukungu ukienda maji ya mji hayabaki. Kuanzia 1987 hadi 2007 alipima mara ishirini na moja. Katika muda huo wote zilikua upana wa ukucha wa kidole cha mwisho.

Hapa ninafika mahali ambapo wasifu mwingine wowote ungeruka.

Kila tarehe 16 Julai madereva wetu humsherehekea Bikira wa Karmeli, mwombezi wao, na kabla ya siku hiyo hupaka chokaa mawe ya kandokando ya barabara. Mwaka 2007 barabara ilikuwa imepanuliwa na chokaa ilikuwa tele, kamati ikatangaza kwamba itapaka mpaka juu. Bi Saturia akachora msalaba wa chaki kwenye mawe yake yote arobaini, akaja mezani kwangu, akaniagiza nichape barua ya mstari mmoja: mawe yenye msalaba msiyaguse.

Niliiona barua ile iko uchi. Mimi ni mzaliwa wa Tobacía, na hapa hata ng'ombe tunambishia hodi kabla ya kumkamua. Nikaivisha nguo. Nikaandika kwamba kwa heshima na taadhima tunaomba mawe yaliyowekwa alama ya msalaba yapewe uangalizi wa pekee na kamati yenu tukufu. Yeye alikuwa anakimbilia basi, akatia saini bila kuvaa miwani.

Kamati ikayapa uangalizi wa pekee. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Custodio Pirateque, dereva wa lori la viazi, mtu asiyefanya kazi nusu. Alikuja mwenyewe ofisini, kofia mkononi, kuleta taarifa.

"Yale ya msalaba, mwalimu, tumeanza nayo," alimwambia Bi Saturia. "Tumeyapaka mara mbili. Hata mvua za Oktoba haziyatoboi."

Bi Saturia alichukua ruana yake akapanda barabara kwa miguu. Alirudi saa ya chakula, magoti meupe kwa chokaa, akaomba nakala ya barua. Akaisoma mara mbili huku mimi nimesimama nikingoja. Kisha akaikunja mikunjo minne, kama anavyokunja bahasha zake, akaitia kwenye mtoto wa meza. Katika ripoti ya kwenda Bogotá aliandika: "Alama nilizoweka hazikueleweka. Kosa ni langu."

Halikuwa lake. Lilikuwa langu, na ndiyo kwanza ninalisema baada ya miaka kumi na miwili. Mwanzoni niliona haya. Baadaye nikazoea kunyamaza, na hayo ni mabaya zaidi. Yeye hakunitaja kwa mtu yeyote, wala hakunipa nafasi ya kuomba radhi, kwa sababu kila nilipokaribia jambo hilo alinituma nikamletee gundi.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Akachagua mawe mengine arobaini, mwendo wa saa mbili kutoka mwisho wa barabara, akaanza upya kwenye sifuri. Nilimwona uchovu usoni mwaka ule, na ukweli ni kwamba haukuondoka tena. Mzee Custodio alielezwa alichokuwa amekipaka. Februari iliyofuata lori lake lilikuwa mlangoni kwa Bi Saturia kabla ya misa kwisha, na limekuwa likija kila mwaka. Njiani humtania kwamba amelima viazi, shayiri na vitunguu, ila hajaona zao la kivivu kama upele.

Mwaka 2013, kwenye ufa wa jiwe la kumi na saba la zamani, ambamo chokaa ilikuwa haijabanduka, Bi Saturia aliona doa la rangi ya machungwa, dogo kama chembe ya haradali. Ilikuwa likeni ya aina inayopenda chokaa, ambayo haikuwahi kuandikwa katika wilaya yetu. Alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Kwenye bahasha aliandika: "Juu ya chokaa ya kamati ya madereva. Mpakaji: C. Pirateque." Mzee Custodio huwaambia abiria wake kwamba yumo katika sayansi.

Februari hii doa lile limefikisha milimita saba. Kwenye mawe ya juu magoti ya Bi Saturia yaligoma baada ya jiwe la thelathini na moja. Tisa yaliyobaki tuliyapima mimi na Mzee Custodio, Bi Saturia amekaa juu ya gogo akitukosoa. Nilimkumbusha kwamba nafasi haijatangazwa. Akasema hakuniuliza habari za nafasi.

"Mwakani mje na rula hii hii," alisema. "Kama inadanganya, iendelee kudanganya vilevile."

Jumatano nilipokea vifaa vyake kama utaratibu unavyotaka: ufunguo wa kabati, lenzi mbili, orodha ya mawe, rula ya chuma. Chini ya rula palikuwa na bahasha moja iliyozidi. Ndani yake mlikuwa na ile barua ya 2007, na juu yake, kwa mwandiko wake mdogo: "Adabu ya Tobacía. Imeenea sana."

Bi Saturia, wenzako tunakushukuru. Tumechoka pamoja nawe, na kuchoka na mtu kama wewe kulikuwa na heshima yake. Huko uendako, ukungu usikupungukie, magoti yakutulie, na asikutokee mtu wa kukupambia maneno. Maisha mema, mwalimu.

Ninaongeza jambo moja. Barabara ya juu imerefushwa mwaka huu, na sasa inafika karibu na yale mawe arobaini ya pili. Mzee Custodio si mwenyekiti tena, na kamati mpya imeshaagiza chokaa. Kwa hiyo mawe tumeyachora msalaba wa chaki, na jana nimewachapia barua na kuipeleka kwa mkono wangu mwenyewe. Imeandikwa hivi: mawe yenye msalaba msiyaguse.

Teódulo Cely
Karani