Siku Niliyopangiwa Kazi ya Jikoni

Wazazi wangu na vijana wetu wa Chonyonyo, nina furaha kusimama hapa. Mama mchungaji amenipa dakika tano. Wanaonijua wanajua zitakuwa ngapi.

Kazi yangu ni kuwatafutia ajira vijana wenye ulemavu, huku Karagwe na kule Kyerwa. Nimeifanya miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa naiharibu kwa roho safi. Msicheke, nitawaeleza.

Nilikuwa na fomu. Kijana asiyetembea, naandika cherehani. Asiyesikia, cherehani. Asiyeona, kusuka mikeka. Mara nyingine fomu ilijaa kabla pikipiki haijafika kwao. Sasa, kuna binti mmoja wa Mabira ambaye haoni tangu utotoni. Nikampeleka kwenye mikeka, akarudi nyumbani. Nikampeleka tena, akarudi tena. Safari ya tatu nikaenda kwao nimekasirika, nikamwambia mama yake, "Binti yako hataki kazi."

Mama yule alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua hata kichwa. "Afisa, kila ukija mwanangu anakuamkia. Unaitikia marahaba, halafu unaniuliza mimi kama amekula. Umewahi kumuuliza yeye jambo lolote?"

Niliondoka nimenuna. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilimwona mama yule hana shukrani.

Mwezi uliofuata tukaitwa kwenye mafunzo kazini, sisi maofisa na walimu wa ufundi. Nilifuata chai na cheti, kwa sababu nilijiona najua yote. Mkufunzi, ambaye mwenyewe anatumia kiti cha magurudumu, akatupanga wawiliwawili: mmoja anyamaze, mwenzake amtafutie kazi mbele ya darasa. Zamu yangu ikawa ya kunyamaza. Mwenzangu, ambaye tulijuana asubuhi hiyohiyo, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Huyu mama ni mnene, hawezi kutembea sana. Ana sura ya upole. Awekwe jikoni." Darasa zima likaitikia, "Awekwe."

Jamani, mimi jikoni? Ndizi zangu mume wangu anazila kwa uvumilivu. Nikafungua mdomo, mkufunzi akaweka kidole mdomoni mwake: nyamaza. Basi nikakaa pale na maneno yangu yote kifuani, na machozi yakanitoka mbele za watu. Nilikuwa nimemkumbuka binti wa Mabira. Niliona aibu sana.

Jumatatu nikapanda bodaboda bila fomu. Nikaketi na binti, nikamuuliza anapenda kazi gani. Kwanza hakuniamini. Kisha akasema, "Kahawa." Kumbe nyumbani kwao yeye ndiye anayeamua kama kahawa imekauka. Anachota kiganjani, anatikisa karibu na sikio, na punje zikigonga ndani ya ganda anajua iko tayari. Nami miaka yote nilikuwa namsukumia mikeka.

Nikaenda naye kwa mnunuzi mmoja pale Nyaishozi. Mnunuzi akanitazama kama ninamtania. Binti akamwambia, "Nipe gunia lolote ulilopokea leo." Akachota ya juu, akatikisa; kisha akazamisha mkono mpaka kwapani, akatoa ya chini, akatikisa. "Ya juu imekauka. Ya chini bado." Wakalimwaga gunia, na ikawa hivyohivyo. Alipewa kazi siku hiyo, nami nikacheza barazani bila ngoma, na unene wangu huu.

Namshukuru Mungu, mkufunzi wetu, na mwenzangu aliyenipeleka jikoni. Mama wa binti nilimwendea nikamwomba radhi, akanikatia mkungu mzima. Maofisa wenzangu, mkiitwa mafunzoni nendeni, hata kama mna mvi. Nanyi wazazi, mtoto akiulizwa, mwacheni ajibu mwenyewe.

Nilimwalika binti aje leo mmwone. Akanijibu, "Samahani mama, leo kahawa inaingia, sina nafasi." Katika maisha yangu nimekataliwa mara nyingi nikaumia. Hii ya leo nimekuja nayo njia nzima nikicheka peke yangu.