Aliyenyamaza Aulizwe Kwanza

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia inawaomba utulivu kidogo iwaeleze maisha ya mama yetu, ambaye nusu yenu mlimwita Bi Rudia, na nusu nyingine mlimwogopa kwenye simu ya upepo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili na kitinda mimba wa fundi viatu na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha ngozi, akalelewa zaidi na dada yake mkubwa, mshonaji, kwa kuwa mama yao alishinda kiwandani. Alisoma shule ya msingi ya mtaani hapo kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi 1975, ambako walimu walimsifia mwandiko na kumlalamikia maswali. Mwaka 1977 aliajiriwa posta kama opareta wa simu, na mwaka 1986 akahamia chumba cha redio cha ofisi ya maafa, alikodumu hadi alipostaafu mwaka 2018.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi wa injini za boti, mtu mpole wa sauti ndogo, ambaye alipokubali mbele ya msajili kwa kunong'ona, bibi harusi alimgeukia akamwambia, “Rudia, sijakupata,” ukumbi ukaangua kicheko na jina likamganda. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na mwana ambaye ni mpima ardhi, na hakuna kati yao aliyewahi kutumwa dukani bila kwanza kurudia alichotumwa.

Mwezi Aprili 1998 mto ulifurika, na timu tatu zikaleta habari za watu waliokwama juu ya paa la shule, kila timu ikiieleza kivyake, hata mkuu wa operesheni akadhani ni shule tatu, akapeleka huko boti zote alizokuwa nazo. Mtaa wa kiwanda cha ngozi, ambao redio yake ilizama mapema, haukuwa na neno hata moja kwenye ubao wa ofisi, na kimya kile kikachukuliwa kuwa usalama. Boti zilipofika kesho yake, yule dada mshonaji na majirani zake wanne walikuwa wameshachukuliwa na maji.

Marehemu alimzika dada yake, akarudi zamu. Katika kikao cha tathmini mkuu alisema kwa masikitiko, “Lakini mama, kule hawakutuita,” naye akamjibu bila kupandisha sauti, “Bosi, anayezama haiti, anameza maji.” Tangu hapo timu zote zilitumia ubao mmoja, kila taarifa ikabidi itaje nani ameona kwa macho yake, wapi na saa ngapi, anayepokea akairudia, na kabla ya kusikiliza wenye mengi ya kusema, opareta alianza kwa kuita mahali palipo kimya. Vijana wa zamu walinung'unika kwamba bibi huyu anatafuta shida mahali isipokuwepo, lakini katika mafuriko ya 2007 boti iliyotumwa mahali palipokuwa kimya iliwakuta wagonjwa wa zahanati nzima juu ya makabati ya dawa, wazima, na baadhi yao wamekaa hapa leo.

Mumewe alifariki mwaka 2015, na mwaka 2021 marehemu akaanza kusumbuliwa na figo. Aliishi peke yake, akiwasha redio yake kila asubuhi kwa sauti ya kuudhi, akimtania jirani yake, mke wa seremala, “Shoga, usiponisikia usiseme nimelala, njoo uulize.” Tarehe 20 Mei mwaka huu redio haikulia, jirani akaacha chai mezani, akaja kuuliza, akamkuta sakafuni, akamkimbiza hospitali. Kwa ajili hiyo watoto na wajukuu walimwahi, wakaagana naye, hadi alipofariki tarehe 9 Juni mikono yake ikiwa mikononi mwao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, wafanyakazi wenzake waliokesha nasi, majirani wote, na kwa namna ya pekee mke wa seremala, ambaye hakukidharau kimya.

Pumzika kwa amani, Bi Rudia, tumekupata.