Fundi Ringi na Jina Lililochafuliwa

Ndugu waombolezaji, haya ni maisha ya kaka yetu mkubwa, mliyezoea kumwita Fundi Ringi, na familia imekubaliana yasomwe kama yalivyokuwa, bila kumpaka mtu mafuta, kwa sababu yeye mwenyewe kazi hiyo hakuijua.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akasoma shule ya msingi ya jirani kuanzia 1965 hadi 1971, na baada ya hapo hakuna mwalimu anayeweza kusimama akasema alimfundisha kitu, maana kukereza vyuma alijifunza kwa kuangalia mikono ya watu, na kamera alijifunza kwa kuzifungua.

Tarehe 2 Juni 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji, wakajaliwa mabinti wawili, wote wapo hapa.

Mwaka 2006 wapiga picha walianza kununua kamera mpya za kampuni nyingine, lenzi zao za zamani zikakataa kuingia, ndipo marehemu akawakerezea ringi za kuziunganisha, na kila ringi aliipandisha juu ya paa, akaijaribu kwa kulenga tangi la maji la mbali, kwa kuwa ringi ikizidi kipimo chake kwa unene wa karatasi moja tu, vitu vya mbali vinatoka ukungu, hata uizungushe lenzi mpaka mkono uchoke. Iliyozidi aliitupa kwenye kopo la rangi chini ya meza, na waliomharakisha aliwajibu kuwa lenzi siyo sufuria, kwamba mfuniko wowote utakaa.

Mwaka 2013, marehemu akiwa safarini kumuuguza mama yetu, mshirika wake, mpiga picha mwenye studio ghorofani, ambaye leo amekaa mstari wa pili na miwani yake myeusi, aliokota ringi kumi na moja kwenye kopo lile, akawauzia wapiga picha wenzake kama kazi ya marehemu, na msimu mzima wa mahafali wahitimu wakatoka kwenye picha za jukwaani hawana sura. Tarehe 9 Novemba chama cha wapiga picha kilimwita marehemu tapeli mbele ya watu, mshirika akiwa pale pale, anatazama viatu vyake.

Tangu siku hiyo hakuletewa lenzi hata moja, akawa anakereza bawaba za mageti, mpaka figo zilipomlaza tarehe 20 Januari mwaka huu, na ni wodini, mbele ya shemeji na binti mkubwa, mshirika alipokiri, akaomba yaishie humo humo, na marehemu, pumzi ikimkatika, akamwambia akayaseme chamani, pale pale aliponyamaza. Hakwenda. Kaka yetu alifariki tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, akiwa bado tapeli kwenye daftari la chama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani walioleta maji na viti kabla hatujaomba, na mafundi mageti aliofanya nao kazi mwishoni. Wapiga picha hatuwashukuru, mkinuna nuneni.

Ratiba inaonyesha anayefuata kuzungumza ni mwakilishi wao, naye ni yule yule wa mstari wa pili, familia haijamfuta, kipaza sauti hiki hapa, viongozi wa chama wote wapo, basi aje, avue miwani, ayaseme, ndipo tutakapoinua jeneza.

Kaka, wewe pumzika kwa amani, sisi tunamsubiri.