Tuliomwona Vedasto Akigongwa

Kijiwe chetu kiko kona ya Kanyenye, kwenye baraza la duka ninaposhonea nguo. Kuna benchi moja refu, jiko la mkaa la Majidi muuza kahawa, na sisi. Mimi ni Raymundi, lakini hapa naitwa Sindano. Mzee Alois alikuwa mhudumu wa mahakama miaka ishirini na sita, na alipostaafu tukampa cheo ambacho mahakama haikumpa: Wakili. Ngollo ni fundi baiskeli, huyo tunamwita Spoku. Jumanne ile tulikuwa tunaongea kwa sauti kubwa kuliko kawaida, maana jana yake saa moja asubuhi, mbele ya macho yetu, gari dogo jeupe lilikata kona bila kuwasha taa likamgonga Vedasto, muuza maziwa anayekuja mjini kila siku kwa baiskeli kutoka upande wa Kipalapala. Mwenye gari alishuka, akasema atampeleka hospitali mwenyewe. Tukamsaidia kumpakia Vedasto kiti cha nyuma, naye akilia kwa maumivu ya mguu. Gari likaondoka. Sisi tukabaki na baiskeli.

— Kosa la kwanza la Vedasto ni kukubali kuinuliwa, alisema Wakili. Mtu wa baiskeli akigongwa anabaki pale pale mpaka trafiki aje na futi yake apime.

— Mguu umepinda namna mlivyosema abaki pale pale? Majidi alimuuliza.

— Sheria haiangalii mguu. Inaangalia mahali. Halafu inakuja fomu ya polisi, PF3. Ukiwa nayo hospitali wanakutibu, na maelezo yako yanaingia kwenye faili. Halafu bima. Gari lolote lililoko barabarani lazima liwe na bima ya kumlipa mtu litakayemuumiza. Wengi hawajui. Wanapewa pole na juisi, wanarudi nyumbani.

Nikiri kwamba mpaka hapo Wakili alikuwa anasema kweli tupu. Shida ya kijiwe ni kwamba mtu akisema kweli, anayefuata anataka kumzidi.

— Bima si lolote, alisema Spoku. Ushahidi ni baiskeli. Mimi nikiangalia uma wa mbele ulivyopinda, nakwambia gari lilikuwa na mwendo gani. Ule wa Vedasto umepinda kushoto vidole vitatu. Hiyo ni kilomita sitini na mbili kwa saa.

— Sitini na mbili kamili? nilimuuliza.

— Sitini na mbili. Tena nikiunusa mpira wa nyuma nakwambia kama dereva alishika breki.

— Kumnusia hakimu mpira, alisema Wakili. Nimekaa mahakamani miaka yote hiyo, sijaona.

Majidi akatujazia vikombe.

— Nyie mnahangaika na gari, alisema. Mimi nashtaki barabara. Babu yake babu yangu alibeba pembe za ndovu kwa mguu kutoka huku Unyanyembe mpaka pwani. Njia hii ilikuwa ya misafara, ya watu na miguu yao, kabla hata tairi halijajulikana. Kwa hiyo hapa gari ni mgeni. Vedasto anaweza kwenda kudai magari yote yapite nje ya mji.

— Hiyo kesi ataisikiliza nani? Wakili aliuliza.

— Dunia nzima.

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mguu wangu ulikuwa kwenye cherehani, na chini ya sindano kulikuwa na kitambaa cha rangi ya zambarau. Nitaeleza habari ya kitambaa hicho baadaye kidogo, maana hata sasa mkono unasita kuiandika.

Mama mmoja alikuwa amesimama pembeni mwa baraza. Sijui alifika saa ngapi. Alikuwa na kitenge kiunoni, chupa ya chai mkononi, na vumbi la barabara miguuni mpaka kwenye magoti.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, mama, Wakili alijibu. Karibu kahawa.

— Ahsante, sinywi. Naitwa Marcelina. Mimi ni mke wa Vedasto wa maziwa. Nimeambiwa baiskeli yake iko hapa.

Spoku aliinuka, akamsogezea nafasi kwenye benchi. Alikaa ukingoni. Wakili akamuuliza mgonjwa anaendeleaje.

— Mfupa wa paja umevunjika. Anasubiri kupasuliwa. Yule aliyempeleka alimshusha getini, akawaambia manesi amemwokota barabarani, ameanguka mwenyewe na baiskeli. Akaondoka. Vedasto alikuwa hawezi hata kusema. Kwa hiyo polisi nao wameandika hivyo hivyo. Ameanguka mwenyewe.

Mkaa ulikuwa unalia kwenye jiko.

— Jana jioni akili zimemrudia, aliendelea. Ananiambia, nenda kona ya Kanyenye, pale baraza la fundi. Wazee wa pale nawasalimia kila siku, wananijua, wameona kila kitu. Ndiyo nimekuja. Kuna mtu anayemfahamu mwenye lile gari?

Wakili aliangalia kikombe. Spoku aliangalia mikono yake. Nami nikashusha macho kwenye kile kitambaa.

Kilikuwa cha Justus. Mwenye gari jeupe anaitwa Justus, ana ofisi ya vifaa vya ujenzi, na binti yake anaolewa mwezi ujao. Nguo za ndugu zote, ishirini na mbili, nilikuwa nashona mimi. Jana yake, tulipokuwa tunamwinua Vedasto, Justus aliniangalia usoni mara moja tu. Nami nikamwangalia, nikafunga mlango wa gari lake taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Simu yake ninayo. Nyumbani kwake nimefika kuchukua vipimo. Usiku mzima nilijiambia kwamba kwa sasa Justus yuko hospitalini na Vedasto, anamhudumia, mimi niseme nini tena.

— Basi, labda mnionyeshe baiskeli niikokote, alisema Marcelina, akaanza kuinuka.

— Mama, nikasema. Ngoja. Mimi namfahamu.

Sauti ilitoka ndogo. Nilimtaja jina, nikamwambia na ofisi ilipo. Sikuweza kumwangalia, niliyasema hayo nikiukunja ule mshono na kuukunjua.

Halafu Wakili, akiwa bado anaangalia kahawa yake, akaitaja namba ya gari. Herufi zote na tarakimu zote, bila kukwama hata moja.

— Wewe, Wakili, uliishika namba? Majidi alimuuliza.

— Niliishika palepale. Ni mazoea. Nimewaona mashahidi wakiulizwa maswali mpaka wanalia, Majidi. Miaka ishirini na sita nimesimama mlangoni nawaona. Nikasema mimi uzee huu sipandi kizimbani.

Spoku alikuwa amekwenda kuileta baiskeli kutoka nyuma ya duka. Aliisimamisha mbele ya Marcelina, akabaki ameshika usukani.

— Alikuwa na simu sikioni, alisema. Mwenye gari. Nilimwona kabla hajakata kona. Ila mimi ndiye niliyeitoa baiskeli barabarani, nikaogopa polisi watasema nimeharibu ushahidi.

Marcelina alitusikiliza mmoja mmoja, akigeuza uso kila aliyesema. Sikuona hasira usoni kwake. Alikuwa kama mtu anayepewa maelekezo ya njia na anataka kuyashika vizuri. Tulipomaliza, akauliza:

— Kwa hiyo jana asubuhi, alipokuwa anapakiwa, haya yote mlikuwa mnayajua?

Wakili, huyu mzee ambaye hajawahi kukosa neno kwenye kijiwe hiki, alikiweka kikombe chini. Spoku akaanza kuifuta kengele ya baiskeli kwa kidole. Majidi, ambaye hakuwepo wakati gari linagonga, alikuwa amefuata maji, naye akainamisha kichwa kama tuliokuwepo.

Tulikwenda kituoni mchana ule ule. Yeye mbele, sisi watatu nyuma. Afande wa usalama barabarani aliyetupokea ni dada anayeitwa Recheli, tulitosha kuwa baba zake. Aliandika maelezo ya kila mtu kwa zamu. Aliniuliza tukio lilikuwa saa ngapi, nikamwambia, saa moja asubuhi, jana. Akaangalia saa ya ukutani, ilikuwa inakaribia saa nane. Akaandika. Ukinyamaziwa na mtoto aliyekuamkia dakika chache zilizopita, unalijua joto la uso wako mwenyewe.

Justus aliitwa, akakana, kisha namba ya gari ikaletwa, akakubali. Sasa kesi iko mahakamani na madai yamepelekwa kwa watu wake wa bima. Wakili alipanda kizimbani mwezi uliopita, amevaa koti nililomshonea. Aliulizwa kwa nini hakusema siku ile, akajibu: niliogopa. Zile nguo za harusi zilichukuliwa kabla hazijakwisha, zikapelekwa kwa fundi mwingine.

Lakini kinachonirudia mimi ni Jumapili ile ya kwanza tulipokwenda hospitali kumwona Vedasto. Alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa, amekonda. Tulipotokea mlangoni alitaka kuinuka, akashindwa, akatupa mkono.

— Shikamooni, wazee wangu.

Alimgeukia mgonjwa wa kitanda cha jirani, kijana mmoja wa Bukene, akamwambia kwa sauti ya furaha:

— Hawa ndio niliokuwa nakuhadithia. Ndio walioniokoa. Walipoambiwa tu, wakaenda polisi siku hiyo hiyo.

Kijana yule akatupa pongezi. Wakili akaangalia dirishani. Spoku akasema atakwenda kununua maji, akatoka.

Marcelina alikuwa upande wa pili wa kitanda, anapoza uji kwa kijiko. Aliinua macho akanitazama, moja kwa moja, muda mrefu. Nilingoja amwambie mumewe. Nilitaka amwambie.

Aliinamisha kichwa, akapuliza kijiko, akamlisha.