Kidonda cha Mama Mkwe

Kwenye treni ya kwenda Tunduma, mbele ya kiti changu, mfugaji Bugalama alimweleza Fausta, muuguzi anayehudumia wagonjwa majumbani, habari za mama mkwe wake mwenye kisukari na kidonda mguuni.

"Kadi yetu ya bima inaishia zahanati," alisema, "naye hawezi kutembea. Njoo nyumbani, dada."

"Huko kwenu Momba nafika kwa nadra. Siku nyingine utamsafisha kidonda wewe, kwa maji ya chumvi."

"Mimi? Kwetu mkwe simtazami hata usoni!"

"Mkeo je?"

"Tulimzika mwaka jana."

Mimi nilijifanya nimesinzia, ingawa masikio hayasinzii.

"Mguu ukikatwa, kaka, nani atambeba?"

Treni iliposimama Bugalama alishusha mzigo wake, kisha akageuka.

"Hayo maji, yawe ya moto?"

"Ya uvuguvugu," alisema Fausta.